ACHENI KUTUONYESHA MAJOKA, TUPENI MSIMULIZI

 Leo sina stori za foleni ya mgahawa wala za bumu kuchelewa, hayo mnayajua. Leo nina dukuduku moja nimekaa nalo wiki nzima, na nisipolitoa litaniharibia hata usingizi. Ni kuhusu muvi zinazotolewa kwenye riwaya za njozi zenye vichekesho. Zile hadithi za wachawi, majoka, malaika na mapepo, ila mwandishi anakuchekesha toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Hapa hosteli muvi hizi zinapita kwenye flashi kila siku, na kila siku nasikia hukumu mbili tu. Kundi la kwanza linasema "kitabu siku zote kinaishinda muvi". Kundi la pili linasema "muvi ya njozi bila bajeti ni takataka, joka lisipokaa sawa mi nazima". Naomba niseme wazi kabisa: makundi yote mawili yanakosea, na la pili linakosea kwa sauti kubwa zaidi.

Hoja yangu ni moja tu, wala sio ngumu. Kwenye riwaya hizi mchekeshaji mkuu sio mhusika yeyote. Mchekeshaji ni msimulizi. Ndiye anayekuminyia jicho pembeni wakati wahusika wako siriasi na mambo yao. Kwa hiyo swali la kuuliza kabla hujapoteza saa tatu za maisha yako ni hili: yule msimulizi wamempeleka wapi? Wakimpatia mwili mpya ndani ya muvi, kaa utazame. Wakimtupa nje wakabaki na majoka, nenda kafue nguo, utakuwa umefanya la maana.

Mfano mdogo. Nikikuonyesha mzee anateleza anaanguka kwenye matope, utacheka sekunde mbili. Lakini nikikusimulia kwanza kwamba mzee huyo ndio ametoka kuhutubia saa nzima kuhusu usafi wa barabara za mtaa, na kwamba tope lenyewe lilikuwa kwenye ajenda kama "kumengenyuko dogo", hapo utacheka mpaka kesho. Tope ni lile lile, mzee ni yule yule. Kilichoongezeka ni mtu wa kukusimulia. Sasa chukua kitabu chenye kurasa mia tatu za namna hiyo, umpe mtayarishaji anayeona tope tu. Utapata nini? Tope la gharama kubwa.

Tuanze na mzee mwenyewe wa kazi hizi, Terry Pratchett wa Uingereza. Alizaliwa 1948, akafariki Machi 2015, na ameacha riwaya 41 za Discworld, dunia bapa kama sinia iliyobebwa na tembo wanne, tembo wamesimama juu ya kobe, kobe anaogelea angani. Riwaya ya kwanza, The Colour of Magic, ilitoka 1983. Ukisikia hivyo utadhani ni utoto. Kumbe humo ndani kuna polisi, benki, posta, magazeti, wanasiasa na maskini, na mzaha wake una meno. Na sehemu kubwa ya mzaha huo iko kwenye sauti ya anayesimulia, mpaka kwenye tanbihi za chini ya ukurasa. Ndiyo, mtu huyu aliweza kukuchekesha kwa tanbihi! Sisi huku tanbihi tunazikimbia kama mtihani wa takwimu.

Sasa angalieni ilivyofanyika 2008. The Colour of Magic ikawekwa kwenye televisheni kwa sehemu mbili, wakaunganisha na kitabu cha pili, The Light Fantastic cha 1986. Waigizaji wakubwa: David Jason, Sean Astin, Tim Curry, Jeremy Irons. Kobe yupo, tembo wapo, na lile sanduku lenye miguu chungu nzima linalomfuata mwenyewe kila mahali lipo. Na msimulizi yupo, sauti ya Brian Cox. Lakini mi naona wamemtumia kama yule mtu wa kuelekeza wageni ukumbini, "pita huku, kaa pale", basi. Kitabu kile kilikuwa kinadhihaki riwaya za njozi zenyewe, kila sura inaparura aina fulani ya hadithi tulizozizoea. Muvi imechukua matukio, dhihaka ikabaki kwenye karatasi. Matokeo yake unatazama mtu anakimbia, anakimbia, anakimbia tena, na unaanza kuangalia saa. Nusu inafaa. Wenye haraka muiruke.

Mnaolia na bajeti nisikilizeni hapa. Miaka miwili kabla, Desemba 2006, watu hao hao wa Sky na mwongozaji huyo huyo, Vadim Jean, walitoa Hogfather, toka kitabu cha 1996. Huyo Hogfather ndiye Baba Krismasi wa Discworld, na kigari chake kinavutwa na nguruwe. Siku moja anatoweka, na anayeshika kazi yake ya kugawa zawadi ni Kifo. Kifo mwenyewe, mifupa mitupu na joho jeusi, kavaa ndevu za bandia. Anaingia dukani, mtoto wa kike anaomba upanga, naye anampa upanga wa kweli, maana si ndio alichoomba? Kwenye vitabu Kifo anaongea kwa HERUFI KUBWA TUPU. Utazipigaje picha herufi kubwa? Wao walitafuta sauti. Wakampa Ian Richardson, na mzee akaongea taratibu, kwa adabu, kama babu asiyeelewa kwa nini wajukuu wanapenda peremende lakini ameamua kuliheshimu jambo hilo. Basi, herufi kubwa zimepatikana. Picha zenyewe sehemu nyingine zina ukungu na unaona kabisa hela iliisha, lakini nani anajali? Karibu na mwisho Kifo anamweleza mjukuu wake Susan, ambaye ni Michelle Dockery, kwamba binadamu anahitaji njozi ili awe binadamu, kwamba mtoto akiamini vitu vidogo visivyokuwepo anajizoeza kuamini vikubwa, kama haki na huruma. Mimi nasomea ualimu, na jambo hilo nimelielewa kwa mifupa yenye ndevu za bandia kuliko kwa slaidi nyingi nilizonakili. Tazameni. Ni kama saa tatu, gaweni siku mbili.

Going Postal ya 2010 pia naipitisha. Kitabu cha 2004. Tapeli anaponea kitanzini kwa sharti moja, akafufue Posta iliyokufa, yenye barua zimejaa mpaka darini. Mpinzani wake ni tajiri anayemiliki minara ya kupitishia ujumbe, aliyeipora kampuni kwa makaratasi halali. Mnaona njozi hiyo inavyofanana na mambo mnayoyajua? Hapa hawakuhitaji msimulizi wa pembeni kwa sababu tapeli mwenyewe ni msimulizi. Kazi ya tapeli ni nini kama sio kukupa hadithi mpaka utoe hela? Richard Coyle kaiweza, na Charles Dance akiwa mtawala Vetinari anaweza kukutisha kwa kuinua karatasi tu. Halafu nyongeza kwa wapenda kutafuta: Pratchett mwenyewe anaonekana kidogo kwenye zote tatu, ya 2006, ya 2008 na ya 2010.

Sasa nije kwenye kilichonipandisha presha. The Watch, 2021, BBC America, sehemu nane. Wamechukua majina ya askari wa zamu wa Ankh-Morpork, wakaandika kwamba wamevutiwa tu na wahusika wa Pratchett, wakapiga picha Cape Town, wakaweka magitaa, umeme na nguo za kipanki. Bintiye, Rhianna Pratchett, alishasema 2020, kabla haijaonyeshwa, kwamba kitu hicho hakina nasaba na askari wa baba yake. Watu wakasema ooh, mashabiki hawapendi mabadiliko. Hapana bwana! Mabadiliko sina shida nayo. Vetinari kaigizwa na mwanamke, Anna Chancellor, poa tu, tena yuko vizuri. Lady Sybil wa kitabuni ni mama wa makamo, mnene, tajiri, anafuga majoka wagonjwa kwa mapenzi yake, wao wakamgeuza msichana wa kupigana usiku. Hapo nashtuka, maana mzaha wa kitabu ulikuwa ni kwamba shujaa anaweza kuwa mama mnene mwenye matope kwenye buti. Stelingi wa kupigana wapo elfu. Mama wa namna ile yuko mmoja.

Na tukitaja buti, ngojeni hapo hapo, maana ndipo penye uzito. Kwenye Men at Arms, riwaya ya 1993, kapteni Vimes anawaza kwa nini matajiri ni matajiri. Yeye mshahara wake ni dola 38 kwa mwezi. Buti nzuri ni dola 50, buti mbovu ni kama dola 10. Mwenye hela ananunua za 50, anavaa miaka kumi. Asiye nazo ananunua za 10, zinaoza baada ya msimu mmoja au miwili, ananunua tena, na tena, mpaka ndani ya miaka ile ile ametumia dola mia, na miguu bado imelowa. Nani kati yetu hajaishi hivyo? Raba za bei rahisi zinazoachama midomo kabla ya mitihani ya muhula? Kununua dawa ya meno ya pakiti ndogo kila wiki kwa sababu kubwa haifiki bajeti? Mwaka 2022 huko Uingereza Jack Monroe, mwandishi wa mapishi ya watu wa kipato kidogo, alipotaka kipimo cha kuonyesha bei zinavyowaumiza maskini, alikipa jina la buti za Vimes, na familia ya Pratchett ikaruhusu. Yaani mzaha wa riwaya ya njozi umekuwa lugha ya kuzungumzia umaskini. Sasa niambieni, mzaha huo uko kwenye joka gani? Uko kwenye kichwa cha askari anayetembea usiku na soli nyembamba. Ukimgeuza Vimes kuwa mlevi wa kukodoa macho na kuropoka, umetupa kichwa ukabaki na buti. Serio ile iliishia msimu mmoja, na sikulia.

Najua kuna wanaosoma mambo ya filamu hapa watanijia na kanuni yao, "muvi inaonyesha, haisimulii, sauti ya msimulizi ni uvivu". Kwa muvi ya mapigano sawa. Kwa hizi, hapana, na ushahidi ni The Princess Bride ya 1987. Riwaya ni ya William Goldman, 1973, na muswada wa muvi kaandika yeye mwenyewe. Kwenye kitabu Goldman anajifanya anafupisha kitabu kirefu cha mtu aitwaye Morgenstern, ambaye hakuwahi kuwepo. Mzaha wa makaratasi kabisa, utauwekaje kwenye picha? Akautupa, akaweka babu anayemsomea mjukuu mgonjwa. Mjukuu analalamika wakianza kupigana mabusu. Yule binti akikaribia kuliwa na mikunga baharini, babu anasimamisha hadithi kumtuliza mtoto kwamba haliwi. Jamani, si ndio fanani na hadhira tuliyosoma kwenye fasihi simulizi? Babu anasema Paukwa, mtoto anagoma kuitikia Pakawa mpaka ahakikishiwe. Na kuna panya wakubwa msituni ambao unaona kabisa ni mtu ndani ya gunia la manyoya, na wala haijapunguza kitu. Kundi la bajeti mnasemaje hapo?

Halafu sisi ndio watu wa mwisho duniani wa kuambiwa msimulizi anaharibu muvi. Mmesahau vibanda umiza? Mmesahau Lufufu na sauti yake kwenye kanda, anavyokupa majina ya wahusika na hukumu juu? Kenya DJ Afro amejijengea jina kwa kazi hiyo hiyo. Watu hawakulipa kuona mateke tu, mateke yalikuwepo kila mahali. Walilipa kusikia mateke yakisimuliwa. Hatukuhitaji chuo kutufundisha hilo.

Good Omens nayo. Riwaya ya 1990, Pratchett na Neil Gaiman pamoja, malaika na pepo waliozoea maisha ya duniani wanajaribu kuzuia mwisho wa dunia. Serio ya 2019, sehemu sita, Michael Sheen na David Tennant. Msimulizi wa kitabu kageuzwa kuwa Mungu, kwa sauti ya Frances McDormand, anayesimulia kwa utulivu wa mtu anayejua karata zote. Hiyo ndiyo akili. Wala hawakunakili tu: sehemu ya tatu inaanza kwa safari ndefu ya urafiki wa wale wawili toka enzi za Nuhu, haimo kitabuni, na ndio kipande bora kuliko vyote. Kwa hiyo wale wa "kitabu siku zote kinashinda", hapo mnasemaje? Msimu wa pili wa 2023 haukutoka kwenye riwaya na mzaha umelegea, mi niliumaliza kwa heshima ya waigizaji tu.

Na kwa ndugu zangu mnaosema ni ya kishetani, nawapenda, ila mwaka ule ule wa 2019 kuna kikundi cha Marekani kilikusanya sahihi zaidi ya 20,000 kutaka serio hiyo ifutwe. Wakaipelekea Netflix. Serio ilikuwa ya Amazon. Netflix wakajibu kwa utani kwamba wameahidi hawatatengeneza nyingine. Ombi langu ni dogo: tazama kwanza, kisha laani, na ukilaani ujue unamwandikia nani.

Mbili za haraka. The Amazing Maurice ya 2022, katuni, toka kitabu cha 2001 kilichopata medali ya Carnegie: paka na panya wenye akili wanatapeli miji. Yule msichana Malicia anageuka kutuambia hadithi zinavyojengwa huku hadithi yenyewe ikimgeuka. Inafaa, hata na wadogo zenu nyumbani. Howl's Moving Castle ya Miyazaki, 2004, toka kitabu cha Diana Wynne Jones cha 1986: muvi nzuri mno, machozi yatakutoka. Ila vita vimeongezwa, mlango wa kwenda Wales umeondolewa, na kichekesho kimebaki kidogo sana. Itazame kama kazi ya Miyazaki. Usije ukasema umeshakijua kitabu.

Na hapo ndipo ninapotaka kumalizia, kwa walimu wenzangu watarajiwa hasa. Mtayarishaji anayeua riwaya hizi anasoma kitabu kama tulivyofundishwa kusoma sekondari, kwa vile vijitabu vya uchambuzi: wahusika, matukio, dhamira, ujumbe, funga. Ukimuuliza kitabu kinasema nini atakujibu vizuri. Ukimuuliza kinasemaje, hana habari. Yeye kapewa kamera na mamilioni, sisi tutapewa chaki na darasa la watoto themanini. Tukiwafundisha kwamba hadithi ni orodha ya matukio, tutazalisha wasomaji wa muhtasari, na muhtasari haujawahi kumchekesha mtu. Mtoto asiyesikia sauti ya anayesimulia hatajua lini anataniwa, na asiyejua lini anataniwa hatajua lini anadanganywa.

Kwa hiyo flashi ziende hivi: The Princess Bride kwanza, Hogfather, Good Omens ya 2019, Going Postal, Maurice. The Colour of Magic ukiwa na homa na huna la kufanya. The Watch muachieni wenyewe. Mwenye hoja ya kumtetea Vimes yule wa 2021 aje na hoja, chai juu yangu, ila ya rangi, maana bumu bado.

Nawasilisha.